Kamba ya Kuni

Mashine ya msumeno ilikuwa bado haijawashwa, na Benta alikwisha kutandika gunia lake chini ya mkaratusi, pale pale matawi yatakapoangukia, asije mtu akamwahi. Juu ya gunia akaweka panga. Nyuma yake akaja mama wa chapati na beseni, wakaja vijana na mkokoteni, wakaja watoto, na watoto wa Kaloleni ukiwaona wawili ujue wenzao wako njiani.

"Mama Opiyo, wewe kata tu," Benta alimwambia Jacklyne. "Ukianguka tutakwepa."

Jacklyne akaliokota gunia, akalikung'uta, akamrudishia mwenyewe. Tutakwepa! Hilo neno alilisikia mwaka jana kando ya mto, kule Mathare, kwa midomo ya watu wengine, na mume wake Owiti alilisikia pia. Siku hiyo Owiti alikuwa akikata mti ulioinama kama huu. Watu walikuwa wamesogea na mapanga yao, kila mmoja anataka kuni, naye akaukata harakaharaka kutoka mgongoni, upande usioinamia, ili amalize kabla hawajamfikia. Mti ulipotoa mlio wa kwanza wakauvamia. Owiti akageuka kuwafokea. Shina likapasuka katikati kwenda juu, kipande cha nyuma kikafyatuka, kikampiga gotini.

Watu walikwepa kweli, hata mkwaruzo hawakupata. Owiti ndiye aliyebebwa juu ya mlango uliong'olewa kwa jirani. Mguu ulipona, lakini haukunjiki, na toka siku ile hakukanyaga tena mahali panapokatwa mti. Kazi yote alimfundisha mkewe nyuma ya nyumba, yeye kwenye kigoda, mke kwenye magogo, na majirani wakichungulia juu ya ua na kucheka. Walicheka mpaka wakachoka. Jacklyne akaanza kuitwa kupogoa, kukata ua, kuondoa visiki. Akiitwa kwa mti ulioinama, Owiti alimjibia yeye: mashine ni mbovu, njoo wiki ijayo. Mwongo mkubwa, lakini nani angemlaumu?

Huu wa leo ulikuwa wa mtaani kwao. Mvua zilikuwa zimeinua mizizi, na chini yake ndiyo njia ya watoto wa nasari. Owiti hakuongopa safari hii. Asubuhi alichukua mkongojo, akamfuata mkewe bila kuulizwa. Jacklyne alielewa. Mtu akiumia leo, mguu wa pili wa nyumba yao ndio utakuwa umevunjika: Owiti hatatoka tena kwenye kile kigoda, na mashine haitawashwa na mtu yeyote.

Akauzunguka mti, akautazama kutoka kila upande. Mti wenyewe haukumtisha sana. Ulikuwa umeinamia uwanja mtupu, mgongo umezipa nyumba, na ukiheshimiwa ungelala pale pale ulipotaka kulala. Kilichomtisha ni watu. Alivuta utepe wa kuwazuia, wakauinua wakapita chini yake kama wanaingia harusini. Aliwaomba kwa upole, akawaomba kwa ukali. Walirudi hatua chache, wakasogea tena.

Basi akaenda kwenye begi la vifaa, akatoa kamba nene ya buluu. Akaingia peke yake kwenye kichochoro cha nyuma, na huko, badala ya kuifunga kwenye mti, akaifunga kwenye chuma cha lango la zamani kilichosimikwa kwa zege. Akaipitisha pembeni ya nyumba ya mwisho, akaiburuta mpaka mbele ya jumba la mikutano. Kati ya hapo na mti palikuwa na safu nzima ya nyumba za mawe.

"Hii ni ya kuuzuia usigeukie nyumba," aliwatangazia. "Inataka watu. Shikeni, msiiachilie mpaka nizime mashine. Asiyeshika kamba hana kuni."

Loo, mbona walikimbia! Benta alikuwa wa kwanza, gunia kajifunga kiunoni. Wakoli, mzee wa Makongeni aliyestaafu kazi ya reli, na ambaye hapo alikuwa mpita njia tu, akajipa uongozi bila kuchaguliwa na mtu, akaanza kuwapanga wafupi mbele, warefu nyuma, akisimulia mabehewa aliyowahi kuyavuta.

Pembeni ya nyumba ya mwisho, Owiti aliutazama mti. Akaitazama kamba. Akamtazama mkewe. Mtu aliyewahi kushika msumeno hata siku moja anajua kwamba mti ulioinama namna ile haurudi nyuma, na Jacklyne akadhani Owiti atalisema hilo mbele ya watu.

"Mimi nitashika hapa pembeni," Owiti alisema. "Nitakupa ishara."

Jacklyne akavaa kofia ngumu, akashusha wavu usoni. Akaikagua njia yake ya kuondokea, nyuma na kwa upande, aliyokuwa ameifagia asije akajikwaa. Ndipo akawasha.

Kwanza alifungua mdomo upande ulioinamia, pengo la kuuelekeza mti, lisiloingia ndani sana. Halafu hakuja mgongoni. Mgongo wa mti ulioinama umekazwa kama kamba ya nguo iliyobebeshwa mablanketi yaliyolowa. Ukiukata kidogo kidogo, zile nyuzi zinazobaki hushindwa zote kwa pamoja, na shina hupasuka. Aliisukuma ncha ya msumeno ubavuni, akianza na kona yake ya chini, maana ile ya juu hurusha mashine usoni. Ncha ikazama, ikatokea upande wa pili. Akaurudisha msumeno nyuma taratibu, akiula moyo wa mti, akaacha ubao mwembamba mbele wa kuuongoza, na utepe mnene wa mti nyuma wa kuushikilia. Hapo mti ulikuwa umekwisha kukatwa, na bado umesimama.

Akaiacha mashine ingurume polepole, akainua macho. Ng'ambo ya nyumba Wakoli alikuwa akiita "Haram," na mtaa mzima ukiitikia "bee!" Pembeni, kamba ikiwa imepita kwapani mwake, Owiti aliinua mkongojo. Hakuna mtu aliyetoka.

Jacklyne akasimama ubavuni mwa shina, akaukata ule utepe wa nyuma, chini kidogo ya tundu alilotoboa kwa msumeno. Ukalia kwa kishindo. Yeye alikuwa tayari anaondoka. Mkaratusi ukaenda wote mzima, haukupasuka hata ufa, ukalala uwanjani, na hewa ikajaa harufu ya dawa ya mafua.

Akazima. Kule mbele watu walipiga vigelegele. Hakuna aliyejiuliza mti mzito vile ulikwendaje chini bila kumburuta hata mmoja wao. Wakizunguka tu kichochoroni wangejionea wenyewe walichokuwa wakivuta. Jacklyne akakimbia kwenda kufungua fundo.

Alimkuta Owiti amefika kabla yake. Mkongojo ulikuwa chini. Alikuwa ameegemea kile chuma, mguu mkavu kaunyoosha kando, analing'ang'ania fundo kwa meno, shati limemganda mwilini kwa jasho.

"Kumbe ulijua," Jacklyne alisema.

"Pale pembeni nilikuwa nakiona hiki chuma muda wote. Nisaidie, limekazwa na mtaa mzima."

Wakalifungua pamoja. Owiti akaichukua ncha ya kamba, akamshika mkewe begani, akaivuta hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mti, akaizungushia tawi kubwa na kuifunga. Halafu akaketi juu ya shina, katikati ya vumbi la mbao, akihema.

Watu wakatokea. Benta na panga lake mbele, Wakoli nyuma yake akimweleza kila mtu kwamba bila wao mti ungelala juu ya nyumba.

"Kabisa," Owiti alisema.

"Na wewe, Baba Opiyo, ulivuta au ulisimama tu hapo?" Benta akamtania.

Owiti akaifungua mikono yake miwili. Kamba, ile ile aliyojua haivuti kitu, ilikuwa imeichuna ngozi viganjani, kulia na kushoto, mpaka damu. Akamwinulia Benta avione, lakini macho yake yalikuwa kwa Jacklyne.