Ng'ombe Zangu Mgongoni kwa Makongoro

Nilikuwa nampaka kaka yangu mafuta mgongoni, kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi, Musoma mjini. Tulianza na rangi ya kahawia, ikakauka, ndipo mafuta, ili misuli ionekane vizuri jukwaani. Mgongo wa Makongoro ni mpana mpaka viganja vyangu vilichoka.

"Paka sawasawa, Bene," alisema. "Majaji wanaangaliaga mgongo."

Nilirudia begani. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado haukunjuki vizuri. Mume wangu, Enos, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu Kiabakari, aliuzungusha kwa nyuma mpaka ukalia. Nilimkimbia wakati wa palizi nikarudi nyumbani Butiama. Baba hakunifukuza. Alisema tu kwamba Enos anataka mke wake au ng'ombe zake.

Ng'ombe hawakuwepo. Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka anaoa nao. Makongoro hakuoa. Alimwambia baba kwamba kujenga mwili ni kazi kama kazi nyingine, akawapeleka mnadani mmoja mmoja, akanunua mayai, kuku na makopo ya unga wa protini. Alianza yule mwekundu wa pembe iliyopinda. Akafuata mweusi mwenye baka usoni. Mtamba wa kijivu, niliyempenda, aliondoka nikiwa nimeshahamia Kiabakari, sikumuaga. Sasa wote nilikuwa nawapaka mafuta.

Wazee walikaa, wakakubaliana hivi. Makongoro akishinda, Benson, mwenye jimu na mwandaaji wa mashindano, atampa kazi. Kwa mshahara huo ng'ombe watarudi kidogo kidogo, na mimi nitabaki Butiama. Asiposhinda, narudi Kiabakari.

Enos alikuja kuangalia. Alikaa mbele kabisa na shati jeupe. Makongoro alipopanda jukwaani na kichupi chake chekundu, mama mmoja aliuliza, "Jamani, huyu anakulaga nini?"

"Ng'ombe zangu," Enos alijibu, na watu wakacheka. "Kweli tena. Unaona hilo bega? Hilo ni dume langu. Waulize wakwe."

Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshainamisha changu.

Makongoro alishinda. Mimi ambaye hata kanisani naimbia puani, nilipiga makofi mpaka mkono ukauma.

Tulimfuata chumba cha nyuma. Benson alikuja na kikombe na kopo la unga.

"Hongera, bingwa. Kazi ipo. Jumatatu uanze."

"Nitafundisha asubuhi au jioni, bosi?"

"Kufundisha? Jimu ina walimu wake. Mimi nina baa, nataka mtu wa mlangoni. Ukisimama wewe pale, mlevi gani ataleta fujo? Mshahara ni uleule."

Makongoro alivaa shati lake polepole. "Mimi ni mwanamichezo, bosi. Siyo baunsa."

"Basi mwanamichezo, kapike hicho kikombe ule." Benson akatoka.

Nilimshika kaka mkono. "Chukua," nilimwambia. "Chukua hata kwa muda, kaka."

"Bene, mwili huu ukikesha mlangoni kwenye moshi wa sigara unaisha. Mwakani kuna mashindano ya taifa, Dar. Nikishinda kule nakurudishia wote, hadi mtamba wako. Vumilia kidogo." Alijiangalia kwenye kioo. "Halafu Enos siyo mbaya kihivyo. Si amekuja kunishangilia?"

Nilimgeukia baba. Alikuwa ameshika kikombe, anakigeuzageuza kama mtu anayetafuta mahali pa kukamulia.

"Ile ng'ombe yako ya maziwa iliyobaki," Makongoro alimwambia, "ukiiuza itatosha nauli ya Dar na chakula."

"Tutaona," baba alisema. Kwa baba, tutaona ni ndiyo.

Enos aliingia bila kubisha. Akamkumbatia Makongoro, wakapigwa picha, kikombe katikati. "Shemeji, umetuheshimisha," alisema. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini kabisa, "Pikipiki iko nje."

"Nenda, mwanangu," baba alisema. Alikuwa bado anaangalia kikombe.

Barabara ya Kiabakari ina matuta, na Enos anaendesha kwa fujo akiwa amefurahi na akiwa amekasirika. Nilimshika kiunoni nisianguke. Sikuwa nimenawa. Rangi ya kaka ilikuwa bado imejaa viganjani mwangu, na jasho likailainisha.

Tuliposhuka, Enos alivua shati alitundike. Viganja vyangu viwili vilikuwa vimebaki pale, vya kahawia, kwenye nguo nyeupe. Aliviangalia muda mrefu, halafu akafunga mlango.