Jumanne ya Kuruka, Alhamisi ya Kusimama

Nyumbani walimwita Kibiriti, kwa sababu alikuwa msichana mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka. Kaka yake ndiye aliyempeleka kwenye karate, tena si kwa mapenzi. Alikuwa amechoka kupigwa mateke chini ya meza kila wakipata chakula cha jioni.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la kuoka mikate. Sakafu ilikuwa ya mbao, imesuguliwa na nyayo za watu mpaka inang'aa. Jioni, mwokaji alipowasha tanuri lake kule chini, joto lilipenya kwenye mbao likawafikia miguuni, na harufu ya chachu ikajaa chumba kizima. Watu walifanya mazoezi huku matumbo yakinguruma. Mpaka leo, akiwa mtu mzima mwenye watoto, Kibiriti akipita mbele ya duka la mikate hujikuta amekunja ngumi bila kujua.

Mwalimu wao alikuwa fundi viatu. Mchana alishona soli, jioni alipanda ngazi huku mikono ikinuka gundi. Kwake karate ilikuwa kusimama. Mnashuka mkao wa chini mpaka mapaja yanawaka moto, mnapiga ngumi moja hewani, mnasimama tena. Kata moja, yaani ule mfululizo wa mapigo yanayopangwa kama hatua za ngoma, waliirudia mpaka wakaiota usingizini. Kijana akiuliza lini wataanza kupigana, Mwalimu alimtazama kwa mshangao.

"Kuna mtu kakutukana?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi simama."

Kibiriti alikuja kuupenda ule utulivu, yeye ambaye kila mtu alisema hatulii. Alikuwa amefikia mkanda wa kahawia, anakaribia kumaliza shule, pale Kocha alipofika mjini.

Kocha alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni. Alikodi ukumbi wa michezo wa shule, akatandika magodoro mekundu na ya bluu, akatundika ubao wa pointi ukutani. Kaka yake Kibiriti alienda kuchungulia, akarudi macho yamemtoka.

"Mdogo wangu, kule watu wanaruka! Sisi pale juu tunaota mizizi."

Kibiriti alijifanya hakusikia, lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa amekaa kwenye benchi la watazamaji. Kocha alimwona anavyochezesha mabega, akamrushia glavu.

Walimweka na msichana mwenzake mmoja mrefu. Yule msichana alidunda kwa vidole vya miguu, mbele, nyuma, mbele. Kibiriti alisimama kama alivyofundishwa, akangoja. Msichana alipoingia, ngumi ilitoka yenyewe. Msichana akakaa chini, puu, ameshika tumbo.

"Gusa, dada yangu, usibomoe!" Kocha alimwambia Kibiriti akicheka, huku akimwinua yule msichana. Mwamuzi akampa Kibiriti onyo.

Mara ya pili aligusa tu, akaruka nyuma. "Pointi!" Neno lile lilimpanda kichwani. Watu waliokuwa benchi walipiga kelele, naye hakuwa amewahi kupigiwa kelele maishani mwake isipokuwa za kugombezwa.

Shida ilikuwa moja. Kocha alifundisha Jumanne na Alhamisi jioni, na Mwalimu vilevile. Haiwezekani mtu kuwa huku na huku. Kibiriti alizunguka ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka mama yake akachoka.

"Chagua, la sivyo jioni zote mbili utanisaidia kufua."

Baba yake hakuinua uso kwenye gazeti. "Kwa fundi viatu ulikuwa unarudi na macho yote mawili. Mimi nasema tu."

Alichagua magodoro. Kisha akapiga moyo konde, akaenda kumwambia Mwalimu mwenyewe, maana kutoroka aliona ni aibu. Alimkuta kibandani, buti liko magotini, misumari imepangwa midomoni. Kibiriti akaeleza, akajikwaa kwa maneno, akaeleza upya. Mwalimu aligonga misumari mpaka yeye aliponyamaza. Kisha akaitoa iliyobaki mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo.

"Wale wanarukaruka kama maharage kwenye chungu."

Hapo Kibiriti akawaka. "Na sisi tunasimama kama nguzo za umeme!"

Mwalimu akaligeuza lile buti. "Basi nenda. Ila usimwambie mtu kwamba nilikufundisha mimi."

Alitembea mpaka nyumbani akilia kwa hasira, na kwa kitu kingine ambacho wakati ule hakukijua jina.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, asiseme mtu vinginevyo. Kulikuwa na safari za basi na timu nzima, kuimba viti vya nyuma mpaka dereva anatishia kuwashusha, mwanga mkali wa kumbi kubwa, medali zinazogongana kifuani. Kaka yake aliacha mapema akaoa. Yeye aliendelea mpaka goti la kushoto lilipokataa. Siku moja alitua vibaya, likalia kama kijiti kikavu, na ikawa basi. Kocha, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpa kazi ya kushika saa ya mapambano.

Wakati huo alikuwa ameajiriwa kiwandani, kwenye uchapaji, akikata karatasi kwa mashine kubwa yenye kisu kirefu. Alisimama kutwa, akiyasawazisha marundo kwa viganja kabla ya kushusha kisu. Akiwa katika kusimama huko alianza kuukumbuka ule ukumbi wa ghorofani: mbao zenye joto, kimya cha watu wanaopumua pamoja, sauti ya Mwalimu akipita nyuma ya migongo yao. Medali hazikumjia akilini hata kidogo.

Alhamisi moja alitoka kazini, miguu ikampeleka yenyewe. Alipanda ngazi, akavua viatu mlangoni. Ndani walikuwamo watu wa kuhesabika, wengi wao wenye vitambi. Mwalimu alikuwa na mvi kichwa kizima.

"Umechelewa," alisema, kama vile Kibiriti alikuwa ametoka kunywa maji tu. "Simama nyuma."

Kibiriti akasimama nyuma. Walipoanza kushuka, Mwalimu akapita karibu yake. "Usishuke sana. Goti lako bovu."

"Nani kakwambia?"

"Viatu vyako pale mlangoni. Kimoja kimelika upande."

Baada ya mazoezi, wengine walipoondoka, Mwalimu alimmiminia chai kutoka kwenye chupa. Walikaa kwenye benchi bila kutazamana.

"Watoto wamenikimbia," Mwalimu alisema. "Wanataka kuruka. Nikajaribu kuwafundisha kuruka."

"Wewe, Mwalimu?"

"Mimi. Nilishindwa kuinuka kitandani siku kadhaa. Mke wangu ndiye aliyenivalisha soksi."

Kibiriti alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka chai ikamwagika, na mzee naye akacheka, akishika kiuno.

"Chukua Jumanne," Mwalimu akasema walipotulia. "Waruke utakavyo. Alhamisi niachie mimi."

"Ulisema nisimwambie mtu kwamba ulinifundisha."

Mwalimu akatazama ndani ya kikombe. "Nilikuwa na misumari mdomoni."

"Ulikuwa umeshaitoa yote."

"Basi ulibaki mmoja."

Hawakulizungumza tena jambo lile. Jumanne iliyofuata Kibiriti aliburuta magodoro ya mitumba mpaka juu, na baada ya miezi michache ukumbi ukajaa watoto. Walidunda mpaka vumbi likaanza kudondoka kwenye unga, na mwokaji akawa anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Mwalimu alikuja kila Jumanne "kukagua madirisha tu." Alikaa pembeni mikono imekunjwa, uso umenuna. Jioni moja mtoto mmoja alipiga teke zuri, na kabla Kibiriti hajafungua kinywa, sauti nzito ikatoka pembeni: "Pointi!" Watoto wote wakageuka. Mwalimu akakohoa, akajifanya anatafuta leso.

Wakaenda hivyo miaka mingi, mpaka macho ya Mwalimu yalipopungua nuru na binti yake akaja kumchukua akaishi naye. Ukumbi ulikuja kuuzwa, nao wakahamia kwenye darasa la shule lenye sakafu ya saruji, baridi tupu. Kibiriti anafundisha huko hadi sasa, siku zote mbili.

Alhamisi ya mwisho kabla ya kuchukuliwa na binti yake, Mwalimu alikaa kitini watoto wamemzunguka. Msichana mmoja akamuuliza: angekuwa mdogo kama wao, angechagua ipi, ya kusimama au ya kuruka?

"Mpira wa miguu," akajibu bila kufikiri. "Niliupenda kuliko kitu chochote. Hawakunichagua. Walisema mimi mzito."

Watoto waliangua kicheko. Kibiriti, aliyedhani anamjua mtu huyu toka kichwani hadi unyayoni, alisogeza kiti chake karibu.

"Ulikuwa unacheza namba ngapi?" alimuuliza. Mwalimu akajiweka sawa, akaanza kusimulia.