Kilimia Kushoto kwa Jiwe

...kushoto tena, kimetokea kushoto kwa jiwe badala ya juu yake, na Eulogia amekaa palepale kwenye kikalio walichochonga mababu mwambani, mgongo umemganda kwa baridi ya Juni, wanakijiji nyuma yake wananyoosha shingo kutazama kama Kilimia, kile kishada cha nyota kinachotabiri mvua, kinang'aa au kimefifia, wapande viazi mapema au wasubiri, lakini yeye hana habari na mvua, anatazama jiwe la mpaka, maana bibi alisema wazi, Kilimia huchomoza juu ya jiwe, kulia kwetu, kushoto kwao, sasa kama kiko kushoto basi jiwe limesogezwa kulia, limeingia shambani mwake, na nani mwingine kama si huyu jirani Nicasio, aliyekaa ubavuni akimnyooshea majani ya koka atafune... kaa nayo majani yako... baba alikata roho akiwaita wezi, alishawahi kumvunja mguu baba yake Nicasio siku ya kanivali kwa ajili ya jiwe hilohilo, mzee wa watu akachechemea mpaka kaburini, wala hawakukoma, ila leo mchana mkutanoni atasimama, wazee ameshawaambia, mashahidi anao, huyu atanyang'anywa shamba lote...

"Nyota ndizo zilizohama, mama Eulogia," Nicasio anasema taratibu. "Marehemu baba aliniambia nyota zinatembea, ila polepole mno, umri wa mtu mmoja hautoshi kuona."

...zinatembea, enhe, mwizi hakosi kisingizio, nyota zitembee na wewe ule viazi vyangu... ila bibi, akisokota sufu, alisema na jingine, jiwe lilisimikwa chini ya pengo la mlima wa theluji, Kilimia hutokea pengoni, na yeye miaka yote hakuinua macho kupita jiwe, ainue kwa nini, mwizi haibi milima... anainua... pengo lile pale, na jiwe liko chini yake barabara, halijasogea hata unywele, Kilimia ndicho kilichotoka pengoni kikaenda kushoto, na mlima kausukuma nani, Nicasio?... anatafuta hila, haioni, anatafuta tena... basi mguu wa yule mzee ulivunjwa bure, baba kafa na chuki ya bure, na mbingu hizi, zinajua, zimenyamaza tu... Nicasio hajashusha mkono wenye koka, baridi ni ileile, Kilimia kiko kushoto vilevile, na mchana watu wote watamgeukia yeye, wakingoja amtaje mwizi...