Madole Kumi na Manane

Shangazi yangu ni dobi, na mimi ni dobi wa dobi: yeye anafua, mimi nasuuza, napandisha ndoo ghorofa nne na kuanika. Paa la nyumba tunayopanga ni bapa, la zege, na kamba zetu kumi na mbili zilikuwa zimefungwa pale tangu kabla sijaacha shule. Chini hakuna uwanja. Ukifungua mlango unakanyaga barabara.

Siku moja tangazo likabandikwa ukutani, karibu na mita za umeme. Kampuni ya simu iliomba kufunga antena sita juu ya paa letu. Paa litazungushiwa uzio na kufungwa kwa kufuli. Shangazi alinituma nilisome, kisha akakaa kwenye ngazi.

"Soma tena hapo pa kufuli," akasema.

Nikasoma tena. Mwenye pingamizi alitakiwa kulipeleka halmashauri kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, pamoja na sahihi za wapangaji. Jengo zima watu walikuwa wakibishana. Wengine walisema antena zinaumiza kichwa, wengine walisema hazina neno. Sisi neno letu lilikuwa kamba.

Fundi cherehani wa chini alituandikia barua. Shangazi akanipa karatasi ya majina na kisanduku cha wino.

"Zunguka wewe, mwanangu, mimi miguu imevimba. Bisha hodi, sema shangazi anawasalimu. Ajuaye kuandika aandike, asiyejua aweke dole."

Wapangaji wazima tuko ishirini na wawili, na wote nawajua kwa nguo zao. Najua nani kola yake inashika uchafu na nani hujifuta mikono kwenye suruali. Lakini kuongea nao! Ulimi wangu ni mzito kama blanketi lililolowa. Kwa Mama Pacha nilibisha polepole mno, hata mimi mwenyewe sikujisikia. Mlango wa pili watu walikuwa wanacheka ndani. Nilipobisha kicheko kikakatika, nami nikakimbilia juu. Nikajiambia, kesho. Kesho ikazaa kesho. Siku ya kumi na tatu karatasi ilikuwa na alama nne: dole la shangazi, sahihi ya fundi cherehani, ya jirani mlinzi aliyenikuta kwenye ngazi akaomba karatasi mwenyewe, na yangu.

Nikaenda paani, nyuma ya tangi la maji. Niliandika majina yaliyobaki, moja moja, na mbele ya kila jina nikagandamiza kidole. Vidole kumi viliisha mapema, nikarudia kwa kuvilaza upande. Nilijiambia siibi kitu cha mtu. Nani angetukatalia? Si majirani?

Shangazi alipohesabu alama zote akashika kiuno.

"Ishirini na mbili! Hakuna aliyekataa?"

"Hakuna."

"Na watu wanakuita bubu. Kimya kingi kina mshindo mkuu!" Wino ulikuwa bado kwenye kucha zangu, ukaingia kwenye shuka jeupe la mteja. Siku nyingine angenigombeza. Siku ile alilisugua mwenyewe kwa limau huku anaimba, na kila mteja wa mitaa ya jirani aliyeleta nguo wiki ile alisimuliwa habari zangu.

Kikao cha kusikiliza pingamizi kilifanyika asubuhi, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayolia. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Mwenye nyumba alikaa kulia, pembeni yake mhandisi wa kampuni na michoro yake. Mbele kabisa nilimwona Mwalimu mstaafu wa chumba namba saba, katika shati nililolipiga pasi jana yake. Sikutegemea kama angekuja.

Mwenyekiti akaanza kusoma orodha. Alipofika katikati akasita.

"Chumba namba saba. Mwalimu mstaafu. Dole gumba." Akatazama juu ya miwani. "Mwalimu yupo?"

"Nipo, mheshimiwa."

"Hili dole ni lako?"

Mwalimu aliisogelea meza, akaishika karatasi, akaitazama muda mrefu.

"Nimefundisha watoto kushika kalamu miaka thelathini na minne," akasema. "Sijawahi kuweka dole popote."

"Labda siku hiyo kalamu iligoma, Mwalimu!" mtu akapiga kelele nyuma. Ukumbi ukacheka. Mwalimu hakucheka.

"Tena mimi sipingi antena. Nimekuja kuziunga mkono. Binti yangu yuko mbali. Akinipigia, lazima nipande kiti nitoe kichwa dirishani kama twiga. Sasa nani amepinga kwa jina langu?"

Kabla sijajua la kufanya, shangazi alishasimama.

"Mwalimu, usimwonee mtoto wa watu! Huyu alizunguka mlango kwa mlango. Umri nao unasahaulisha. Simama, mwanangu, mkumbushe ulimkuta saa ngapi."

Nikasimama. Shangazi alikuwa ananitazama huku anatabasamu, ananitia moyo. Ningekuwa na pa kuingia ningeingia.

"Sikubisha," nikasema.

"Sema kwa sauti, binti," akasema mwenyekiti.

"Sikubisha hodi. Dole ni langu. Yote kumi na manane ni yangu."

Zikapigwa kelele. Mama Pacha alinyanyuka kwenye kiti chake.

"Hata la kwangu?"

"Hata la kwako, mama."

"Na nilikuwepo! Nilikuwa nyumbani wiki nzima! Ungebisha tu, we mtoto, ningekuwekea hata vidole vya miguu!"

Angenitukana ningepumua.

Mwenyekiti alisubiri kelele ziishe. Alisema karatasi yenye alama za uongo haitumiki, na muda wa kuleta nyingine umepita. Akachukua rula, akapiga mstari kutoka pembe hadi pembe.

"Na langu?" shangazi akauliza. "Mimi nililiweka kwa mkono wangu."

"Limo humo humo, mama. Pole."

Shangazi akakaa. Alijifunika mtandio vizuri, kama mtu anayesikia baridi. Kibali kikatolewa kabla ya saa sita.

Wiki iliyofuata tukafungua kamba. Sasa tunaanika chumbani, juu ya kitanda, na mashati yanatoka na harufu ya ukungu. Wateja wawili wameshahamia kwingine. Shangazi hakunigombeza. Aliniambia "leta ndoo" na "geuza hiyo", basi. Siku ya nne akasema bila kuniangalia:

"Mwalimu umeshamwomba radhi?"

Nikapanda. Safari hii niligonga kwa nguvu. Ndani nikasikia kiti kinaburutwa na Mwalimu anaita, "Haloo? Haloo?" Akafungua na simu mkononi.

"Umenikatia binti yangu," akasema. "Haya, ingia."

Niliongea nikiwa nimesimama, macho kwenye sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Radhi nimekupa. Lakini ungeniuliza, ningekukatalia. Halafu ningekwambia mwambie shangazi yako aombe upande mmoja wa paa. Antena sita hazijazi paa zima, uzio ungepita katikati. Barua hiyo ningeiandika mimi, na mwenye nyumba hana ubishi na mimi." Akatikisa kichwa. "Sasa michoro imeshapitishwa."

Nikashuka. Shangazi alikuwa ameinamia beseni, anakamua shuka.

"Amesemaje?"

Neno "amenisamehe" lilikuwa tayari mdomoni, na halikuwa uongo. Lingetosha. Angelipokea, tungeendelea na kazi. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote: upande mmoja, uzio katikati, barua. Nilipomaliza, alikuwa bado ameshika lile shuka, na maji yalikuwa yanamdondokea miguuni.

"Shika huku," akasema baadaye.

Nikashika ncha ya pili. Tukakamua, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka maji yakakoma, na hakuna aliyeachia.