Hukumu ya Gemu ya Kamba

“Umeimaliza na nani?” wifi aliuliza bila kunitazama, na kitana chake kikasimama katikati ya kichwa cha mteja.

Saluni nzima ikatega sikio. Hata mwalimu mmoja, mteja aliyekuwa chini ya drai ya kukaushia nywele, aliisogeza pembeni asikose neno. Mimi ndiye niliyewazoesha kusikiliza hivyo. Saluni yangu haikujua kiti kitupu: wengine walikuja kusukwa, wengine kuambiwa nani kaachika, na tangu niiweke mashine ya gemu kwenye runinga ya ukutani, wengine walikuja kunisikia nikizisema gemu. Fundi simu wa mlango wa pili alituazima kila mpya aliyoipata, nami na wifi, mke wa kaka yangu na msusi mwenzangu wa miaka sita, tulizicheza wateja wakipungua. Kisha nilihukumu. Ile ya magari: “Gari la kifahari, barabara ileile, kama bwana harusi anayezungushwa mtaa mmoja.” Ile ya shamba: “Nimelima, nimepalilia, nimevuna, na jioni nanunua mboga kama kawaida. Nani kaniroga?” Watu hoi kwa kicheko, na wifi kuliko wote, akinigonga kiganja kwa kiganja.

Ile ya kamba huwezi kuicheza peke yako. Watu wawili wamefungwa kamba kiunoni, wanapanda mlima. Mmoja akiteleza, mwenzake ajikite, la sivyo wote chini. Tuliihangaikia mwezi mzima. Tulipofika mtoni tukakwama, nikatukana, nikaapa kwamba mto ule sitaki kuuona tena. Ndipo shangazi akaugua, nikaenda kumuuguza wiki tatu.

Niliporudi nilikuta kiti changu kina mtu. Wifi alikuwa amemchukua msusi wa kumsaidia, binti mwembamba waliyemwita Vidole kwa wepesi wake wa kusuka. Kusuka asuke, sina neno. Lakini asubuhi ile nilisimama mlangoni na mkoba wangu nikamsikia akisema, “Jikite, dada, jikite,” na wifi akacheka kicheko changu, kile kile, kisha wakagongana viganja. Nikatupa jicho kwenye runinga. Mto haupo. Wako juu mawinguni, mbele ya mlango wa mawe.

Moyo uliniungua kama nywele zilizosahauliwa kwenye pasi. Nikasalimia, nikaulizwa hali ya mgonjwa, nikajibu. Nilivumilia hadi mchana, saluni ilipojaa na ule mlango ungali umeganda pale ukutani. Kisha nikasema, kwa sauti yangu ya hukumu:

“Na hii nayo mnaipotezea muda? Mimi nimeshaimaliza. Mlima wote ule, ukifika mlango unafunguka, mnakumbatiana, basi. Ni kupika kutwa ukapakua maji.”

Wakacheka. Wifi hakucheka. Ndipo alipouliza nimeimaliza na nani.

“Mtu tu,” nikasema. “Huko huko kwa shangazi.”

“Mtu gani?”

“Ah, wifi, kwani watu wameisha duniani?”

Kitana kikaendelea. Alisuka mstari mzima kabla hajasema tena, na aliposema ni kama alikiambia kile kichwa alichokishika. “Sisi tulisimama mlangoni. Mto uliuapia, nikasema bora nikuvushie. Hapo pa mwisho nikamwambia Vidole tusipaguse, tumngoje mwenyewe. Leo siku ya tisa.”

Vidole aliitikia kwa kichwa, kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake.

Neno moja tu lingetosha: nimedanganya. Mimi niliyekuwa natangaza talaka za watu kabla wenyewe hawajagombana, ungedhani neno limenipotea. Halikunipotea. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, ila mwalimu alikuwa ananitazama, na mama wa duka la vitambaa, na Vidole, nikalimeza. Nitamwambia kesho, tukiwa wawili. Kesho hiyo sasa ina miaka kumi na moja.

Mteja wa mwisho alipoondoka, wifi aliichukua padi yake ya gemu, akaifuta mafuta ya nywele taratibu, akaiweka mkononi mwangu. Nyingine akampa Vidole.

“Malizeni nyinyi. Wewe si njia unaijua?”

Tulipanda ngazi za mwisho, mimi na yule binti. Niliteleza mara mbili, na mara zote mbili alijikita. Mlango ukafunguka. Mwanga mweupe, kamba ikafunguka yenyewe viunoni, kila mmoja akaenda upande wake, na majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupita. Kwisha. Mwisho ule ulikuwa mbovu kuliko uongo wangu, na hukumu ilinijia nzima nzima, ya kuvunja mbavu, haina wa kupewa.

“Dada,” Vidole akaniuliza kwa sauti ya chini, “mbona hawakumbatiani?”

Nilimtazama wifi. Alikuwa kwenye sinki akifua taulo, ametupa mgongo, maji ameyafungua kwa nguvu zote.