Kizibiti cha Mtongwe

Risasi iliyomuua Hashim haikukomea kwa Hashim. Ilimpata kwenye kiti cha kinyozi pale Mtongwe, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, ikampita kifuani, ikaenda kumwingia mdogo wake Bakari, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma ameinama kufunga kamba za viatu. Huko ikatulia, kando ya uti wa mgongo. Aliyefyatua ni Amir, mtoto wa jirani yao Bi Sabah. Alijitafutia bastola kwa kuwaogopa vijana wa mapanga waliokuwa wakipora watu mtaani, na siku hiyo alikuwa akimwonyesha kinyozi kwamba haina kitu ndani.

Daktari alimwambia Bakari, "Tukiitoa hii, huenda tukakutoa na miguu. Kaa nayo."

Bakari akakaa nayo. Kilichomshinda si risasi, ni mama yake. Bi Dhahabu alishika kwamba chuma kile kimepita moyoni mwa Hashim, basi lazima kimetoka na chochote cha Hashim. Kila Ijumaa humlaza Bakari kifudifudi juu ya mkeka, akamrashia marashi mgongoni, akamsomea Yasini.

"Assalamu alaykum, Hashim," huanza.

"Mama, hapa yuko Bakari," husema Bakari, mdomo umo mkekani.

"Najua. Tulia."

Shangazi zake nao walizoea. Humpa mkono Bakari kwa mbele, wakamuuliza hali, kisha wakamzunguka nyuma kutoa rambirambi. Bakari akawa hajui ageukie wapi. Yu hai, anakula, anakwenda kazini, na kumbe ni kaburi la kakake.

Kesi ilipoanza, kiongozi wa mashtaka alisema bila ile risasi hakuna ushahidi. Daktari akaapa haitoi. Hakimu akafikiri, akaamua, "Basi kizibiti kiletwe kama kilivyo."

Kwa hivyo siku ya kusikizwa Bakari alipokelewa mlangoni na Koplo Eddah, mtunzaji wa vitu vya ushahidi, mwanamke wa bara asiyependa mzaha. Alimfunga kibandiko cha namba ya kesi mkononi kwa kamba ya katani, akamfungulia stoo. Ndani mlikuwa na baiskeli, magunia ya bangi, televisheni iliyopasuka kioo, na mbuzi wa kesi ya wizi, naye ana kibandiko shingoni.

"Afande, mimi ni shahidi," Bakari alisema. "Nimekuja kusema."

"Asubuhi ulikuwa shahidi. Saa hii wewe ni kizibiti, na kizibiti hakiongei."

Akamfungia. Mbuzi akamkaribia, akaanza kutafuna kibandiko cha Bakari.

Haukupita muda Bi Dhahabu akaja na bakuli la mbaazi na mahamri. Eddah akamzuia. "Pole, mama. Hairuhusiwi kuongeza kitu ndani ya kizibiti."

"Na yule mbuzi mbona anakula?"

Eddah akachungulia, akamwona mbuzi anamalizia kamba. Akasogea kando. Bi Dhahabu akapita.

Bakari alipoitwa hakupandishwa kizimbani. Aliketishwa juu ya meza, kando ya bastola. Amir alikuwa kizimbani amejikunyata, macho chini.

"Kizibiti kigeuzwe," alisema hakimu.

Bakari akageuzwa, shati likapandishwa. Wakili wa Amir akasimama. "Mheshimiwa, mimi naona mgongo. Risasi siioni."

"Shika," alisema hakimu.

Wakili akapapasa kwa ncha za vidole. "Kuna kitu kigumu hapa."

"Huo ni mfupa," alisema Bakari.

"Kizibiti kinyamaze!"

Bi Dhahabu hakustahimili. Akatoka alipokuwa ameketi, akapita mbele ya askari kana kwamba yuko jikoni kwake, akaweka kidole. "Ni hapa, kushoto." Na kidole kilipogusa tu, mdomo wake ukaenda wenyewe: "Assalamu alaykum, mwanangu Hashim."

Amir akaanza kulia kama mtoto. "Nilidhani haina kitu, Bi Dhahabu. Wallahi nilidhani haina kitu."

Ndipo Bakari alipogeuka juu ya meza ile, akamtazama mama yake usoni.

"Mama, humu hamna Hashim. Humu mna chuma. Hashim tulimzika. Mimi nilikuwapo kwa kinyozi siku ile, na hujaniuliza hata mara moja niliona nini."

"Kizi..." hakimu akaanza, asimalize.

Bi Dhahabu aliteremsha shati la mwanawe polepole, akalinyoosha. "Uliona nini, Bakari?"

"Alikuwa akicheka. Alijiona kwenye kioo na kichwa kile nusu, akaniambia nikimcheka hatanilipia kunyoa. Bado alikuwa akicheka."

Mama akaketi pale pale sakafuni. Bakari akashuka mezani, akaketi naye. Hakuna aliyewainua.

Amir alihukumiwa kifungo kwa kuua bila kukusudia. Kisha hakimu, kwa mazoea, akaagiza vizibiti vyote viharibiwe. Eddah akainua mkono. "Mheshimiwa, hiki cha pili nikiharibu vipi?" Hakimu akavua miwani, akaivaa tena, akaamuru risasi ikae kwa Bakari kwa niaba ya Serikali.

Habari ilifika Mtongwe kabla yao, na ilifika ikiwa imeongezwa chumvi. Watu waliamini kwamba Bakari sasa ni stoo ya Serikali. Asubuhi moja Bi Dhahabu alifungua mlango akakuta sufuria iliyofunikwa. Ndani, chini ya kitambaa cha kupangusia vyombo, mlikuwa na bastola. Aliyeileta hakujulikana. Kwa sufuria ile, yumkini ni mama wa mtu, aliyeikuta kwa mwanawe.

Bakari akampigia simu Koplo Eddah. Eddah akasema anakuja, lakini pana foleni kivukoni, na wasiiguse.

Bi Dhahabu akatoa kigoda nje, akaketi kuilinda. Upande wa pili wa ua Bi Sabah, mama yake Amir, alikuwa akianika nguo. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kinyozi. Alikuwa ameisikia simu ile; aliiona sufuria, akaelewa. Akaja na kigoda chake, akaketi upande wa pili wa sufuria.

Wakakaa hivyo, kila mmoja akitazama njia. Wapita njia waliosalimu waliitikiwa na wote wawili. Jua likapanda, likamfikia Bi Sabah miguuni, kisha mapajani.

"Sogea huku kivulini," Bi Dhahabu alimwambia. "Huyo wa bara atachelewa."

Bi Sabah akanyanyua kigoda chake, akasogea.