Kigoga cha Mwalimu Dina

Mwalimu Dina alijitakia mwenyewe. Ilikuwa Jumapili ya Februari, baada ya misa, mwenyekiti wa kigango chao cha Pangani ya Kibaha, Mzee Sebastian, alipotangaza kuwa pango jipya la Mama Maria litavikwa nyasi za plastiki ili lisibaki saruji tupu. Dina akasimama na kusema Mama Maria hawekewi zulia la baa. Yeye atalipandia kigoga hai. Watu wakacheka. Sebastian hakucheka. Alimpa mpaka siku ya kufunga Mwezi wa Maria, mwisho wa Mei, na pango lisipokuwa kijani siku hiyo, Mwalimu mwenyewe ndiye atakayepigilia plastiki mbele ya waumini.

Kigoga ni ule ukijani laini unaoota kwenye kuta zenye unyevu, ambao sisi wengine tukiuona tunauita ukoga na kukimbilia brashi. Dina alikuwa amefundisha baiolojia pale Kibaha miaka thelathini na moja na kukichora ubaoni hadi chaki zikaisha, ila kukipanda hakuwahi hata siku moja. Hilo hakulisema kanisani.

Alikwenda Kisarawe kwa wifi yake Elinipa, kule vilimani, akabandua kigoga ukutani nyuma ya bafu mpaka ndoo ikajaa. Akakichanganya na udongo na maziwa mgando, akakandika mafungu manane pangoni, akawa anayanyunyizia maji ya mvua asubuhi na jioni. Mbolea hakuweka, maana kigoga hakina mizizi. Kinataka kivuli, maji na mahali pa kushika. Kufika mwisho wa Kwaresima mafungu yote yalikuwa hai, lakini hayakusogea hata kidole. Sebastian alipita akasema pango limeota mashilingi, kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye.

Jumamosi Kuu, zamu ya usafi ikaangukia jumuiya ya Genoveva, mwanamke anayesugua hata sufuria za jirani. Dina alipofika na bomba lake la kunyunyizia alikuta ukuta wa kijivu mtupu, na Genoveva ameshika brashi ya waya, jasho linamtoka, uso umejaa furaha.

"Shikamoo Mwalimu. Ukoga wote tumeutoa."

Dina alikaa kwenye ngazi akalia, mtu mzima, mbele ya wanajumuiya, kwa uchungu wa kazi yake na zaidi kwa kuwa huyu Genoveva alimfundisha mwenyewe, kidato cha pili. Genoveva alipoelewa alichofanya, naye machozi yakamlengalenga. Ndipo Dina akauliza jambo moja.

"Umetia jiki?"

"Jiki iliishia kwenye ngazi, Mwalimu. Ukutani nimesugua kwa maji tu, juu mpaka chini."

Jiki ingekiua chote. Dina akafuta macho, akavaa miwani, akausogelea ukuta. Kwenye kila kitundu cha saruji kulikuwa na vichembe vya kijani, vimesambaa mpaka kule juu ambako mkono wake haukuwahi kufika. Na kigoga, kama alivyoandika ubaoni kila mwaka, huota hata kwa kipande kilichokatika. Akamwambia Genoveva kesho waje wote wawili na maji, na brashi aiache nyumbani.

Masika yakanyesha. Aprili ikaisha bila dalili, na Sebastian akaleta zile nyasi zake za plastiki, akaziegemeza mlangoni pa sakristia kila mtu azione. Wale wawili waliendelea kuja. Wiki ya pili ya Mei ukuta ukapata rangi ya maji ya mchicha. Wiki ya tatu ukashika. Siku ya kufunga, maandamano ya rozari yalipokata kona, pango lilikuwa kijani kutoka kwenye nyayo za Mama Maria hadi kileleni, kijani kinene chenye matone ya mvua ya asubuhi. Watu walikatisha Salamu Maria katikati, wakasogea kuangalia. Dina alifurahi mpaka akacheka kwa sauti.

Sebastian alipapasa ukuta, akapapasa tena. Akakiri mbele ya wote kwamba ameshindwa, kisha akauliza kule juu kote alipanda nani, maana Mwalimu hafiki.

"Genoveva," Dina alisema kwa sauti ya darasani. "Mwanafunzi wangu."

Genoveva, aliyekuwa amejificha nyuma ya wanakwaya, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.